Mikono mitatu katika Zaburi ya 28

Tunaendelea na masomo yetu ya Zaburi. Juma hili tuko kwenye Zaburi ya 28. Wale ambao wana Biblia za Kikatoliki za zamani wataikuta kwenye namba 27, kwa sababu hesabu ya Zaburi nyingi katika Biblia hizo inapungua moja. Zaburi yenyewe ni ile ile.

Ni Zaburi fupi, mistari tisa tu. Mama anaweza kuisoma yote wakati sombe linachemka, kabla hajatia mawese. Lakini mstari wa tano unatusimamisha. Hapo Daudi, ambaye Zaburi hii ina jina lake, anazungumza juu ya watu wasiojali matendo ya Mungu wala yale ambayo mikono ya Mungu imefanya. Anasema kwamba Mungu atawavunja kama vile nyumba inavyovunjwa, na hatawasimamisha tena.

Katika vikundi vyetu, maneno hayo yanaleta swali zito. Mama mmoja anayasikia na kuangalia maisha yake: nyumba ilichomwa, bwana alikufa, mashamba yalibaki nyuma ya vita. Anajiuliza, je, huyo aliyevunjwa ni mimi? Mwingine, pembeni, hajiulizi kitu. Anamnong'oneza jirani yake: "Unaona? Yule, Mungu amemhukumu." Kwa ajili ya wote wawili, tusome taratibu.

Mikono ya nani?

Tunapowafundisha watoto kusoma habari, tunawaambia watafute neno linalorudi. Neno linalorudi mara nyingi ndilo linashika habari yote. Katika Zaburi ya 28 neno hilo ni "mikono". Linakuja mara tatu, na kila mara ni mikono ya mwingine.

Katika mstari wa pili ni mikono ya mwenye kuomba. Anaiinua kuelekea mahali patakatifu. Katika mstari wa nne ni mikono ya watu waovu na kazi ambayo mikono hiyo imefanya. Katika mstari wa tano ni mikono ya Mungu.

Tuanze na mikono ya kwanza. Imeinuliwa, na ni mitupu. Huyu mwombaji ana maadui wa kweli, na hafichi hasira yake. Anamwambia Mungu awalipe watu wale sawasawa na walivyotenda. Wamama wengi wa Kivu na wa Ituri wanalijua ombi hilo bila kufundishwa. Mama aliyeuawa mtoto wake hawezi kuambiwa anyamaze na kucheka kwa sababu yeye ni Mkristo. Zaburi inampa ruhusa ya kusema yote, hata maneno ambayo hawezi kuyasema mbele ya mchungaji.

Lakini tuone ni mbele ya nani anayasema. Mikono iliyoinuliwa kuomba haiwezi, saa ile ile, kushika panga. Mwombaji anaitoa hukumu katika mikono yake mwenyewe na kuiweka katika mikono ya Mungu. Mtume Paulo aliwaandikia Waroma jambo hilo hilo, kwamba kisasi tumwachie Mungu. Hili linatugusa sisi tunaolea. Mtoto wa kiume anayesikia kila jioni, karibu na moto, majina ya watu anaopaswa kuwachukia, anatayarishwa kwa vita nyingine. Atakuwa na miaka kumi na nane, na mtu atakuja kumpa bunduki, naye atakuwa tayari kuipokea.

Mikono ya pili ni ya waovu. Mstari wa tatu unatupa alama ya kuwatambua: wanazungumza na jirani zao maneno ya amani, na ndani ya moyo wamebeba mabaya. Sisi watu wa mashariki ya Kongo hatuhitaji mfano wa mbali. Amani imewekewa sahihi Lusaka mwaka 1999, Sun City mwaka 2002, Goma mwaka 2008, Addis Ababa mwaka 2013, na mahali pengine tena baadaye. Na bado kuna watoto wanaozaliwa ndani ya mahema.

Tusiwaonyeshe kidole wakubwa tu. Hata katika likelemba kuna kinywa cha amani na moyo wa namna nyingine. Tuseme mama anayeshika pesa anawaita wenzake "dada zangu" kila mkutano, anafungua kwa maombi marefu, na franga za mama mjane zinapungua kila mwezi bila maelezo. Zaburi ya 28 inamhusu huyo pia.

Kosa ni kutoangalia

Sasa tufike kwenye mikono ya tatu, na hapa tunakuta jambo la kushangaza. Tungetegemea Daudi aseme: watavunjwa kwa sababu waliua, kwa sababu waliiba, kwa sababu walidanganya. Hayo yote yako ndani ya mstari wa nne. Lakini anapotaja sababu, anataja kitu ambacho sisi tungekiita kidogo: hawaangalii kazi za Mungu.

Wenye kujua Kiebrania wanatuambia kwamba neno lililo hapo linazidi kuona kwa macho. Ni neno la kufahamu, la kupambanua kitu na kitu. Hata mbuzi anaona mlima. Daudi anataka zaidi.

Walimu wanajua tofauti hiyo. Katika somo la kuchunguza, tunaweka mbegu ya maharagi juu ya pamba yenye maji, ndani ya kopo, na kila asubuhi watoto wanapita kuitazama. Siku ya kwanza ukiuliza, "Mumeona nini?", wanajibu wote pamoja, "Maharagi!" Wamekwisha, wanataka kwenda kucheza. Siku ya nne mmoja anasimama mbele ya kopo na kunyamaza. Ameona kwamba ngozi imepasuka, na mzizi umetangulia kushuka chini kabla ya jani kupanda juu. Anauliza: "Mwalimu, nani ameiambia iende chini?" Huyo ameanza kuangalia. Wenzake walikuwa na macho kama yake.

Ni kazi gani za Mungu ambazo Zaburi zinataka tuziangalie? Tukizipitia tunakuta za namna tatu.

Ya kwanza ni uumbaji. Zaburi ya 8 na ya 19 zinaangalia mbingu. Zaburi ya 104 inatembea kama mtu anayezunguka shamba: chemchemi, majani ya ng'ombe, ndege kwenye matawi, simba usiku, bahari na vyote vilivyo ndani yake. Zaburi ya 139 inaingia hata ndani ya tumbo la mama na kusema kwamba pale pia Mungu yuko kazini.

Ya pili ni wokovu. Zaburi ya 78, ya 105 na ya 106 zinasimulia namna Mungu alivyowatoa Waisraeli Misri, akawavusha bahari, akawalisha jangwani.

Ya tatu ni haki anayowatendea wanyonge. Zaburi ya 68 inamwita Mungu baba wa yatima na mtetezi wa wajane. Zaburi ya 146 inarudia jambo hilo.

Sasa tunaelewa kwa nini kutoangalia si kosa dogo. Zaburi ya 94 inatuonyesha watu wanaoua mjane, mgeni na yatima, na wanasema kwamba Mungu haoni. Mwandishi anawajibu kwa swali la mwalimu: aliyetengeneza sikio, yeye hasikii? Aliyeumba jicho, yeye haoni? Watu wale hawakuwahi kuliangalia jicho kama kazi ya Mungu. Kama wangeliangalia, wangemwogopa mwenye kulitengeneza. Asiyeangalia kazi za Mungu anafika mahali pa kuamini kwamba Mungu naye hamwangalii. Na mtu anayeamini kwamba hakuna anayemwangalia, mikono yake inaweza kufanya lolote.

Nabii Isaya, katika sura ya 5, aliwaona watu wa namna hiyo katika nchi yake. Walikuwa na karamu, vinanda, ngoma na divai tangu asubuhi, lakini kazi ya Mungu hawakuitazama. Watu wa wakati ule ule walikuwa wakiunganisha nyumba na nyumba, shamba na shamba, mpaka mnyonge hana pa kukaa. Isaya aliyaweka mambo hayo mawili katika sura moja, kwa sababu yanakwenda pamoja.

Na wale wa kanisa?

Mtu atasema: hao ni wapagani. Zaburi ya 106 inatukatalia. Watu waliosahau upesi kazi za Mungu, ndio wale wale waliovuka bahari kwa miguu mikavu na kuimba upande wa pili. Zaburi ya 95 inasema juu ya wazazi walioona matendo ya Mungu miaka 40 na bado mioyo yao ikawa migumu. Hawakuingia katika pumziko. Kwa hiyo kitenge cha umoja wa wamama na kiti cha mbele kanisani havituondoi katika mstari wa tano.

Hukumu inakuja namna gani?

Wengi wetu tukisikia "hukumu ya Mungu" tunafikiri radi. Mara nyingi Zaburi zinaonyesha njia nyingine. Zaburi ya 7 na ya 9 zinasema juu ya mtu anayechimba shimo ili mwenzake aanguke, halafu anaanguka yeye ndani ya shimo lake. Kazi ya mikono yake inamrudia. Katika Zaburi ya 28 ni vivyo hivyo: mwombaji anataka watu walipwe kazi ya mikono yao wenyewe.

Tunaona jambo hilo katika vitu vya kila siku. Mungu alitupa ziwa Kivu. Tunatupa ndani yake chupa na mifuko ya plastiki kama vile ziwa ni shimo la takataka. Maji yanabeba plastiki hiyo mpaka kwenye bwawa la umeme la Ruzizi, inaziba mashine, na umeme unakosekana katika nyumba zetu. Tunalalamika gizani, na chupa ni yetu. Vilevile mlima ulionyolewa miti yote hauwezi kushika udongo wakati wa mvua. Kweli, anayelipa mara nyingi ni maskini aliyejenga bondeni, na si tajiri aliyeuza mbao. Ndiyo maana tutarudi kwenye neno hili la nani amehukumiwa.

Angalieni pia namna hukumu inavyotajwa katika mstari wa tano. Ni kuvunja na kutojenga. Kuvunja peke yake si mwisho. Mama anavunja ukuta wa udongo uliopinda ili ausimamishe vizuri. Nabii Yeremia alipoitwa, alipewa kazi zote mbili, kuvunja na kujenga. Hukumu ya kutisha ni ile ya pili, nyumba ibaki chini. Na Mungu hana haja ya kutuma moto kwa jambo hilo. Zaburi ya 127 inasema kwamba Mungu asipokuwa mjenzi wa nyumba, mafundi wanachoka bure. Akiondoa mkono wake tu, inatosha.

Tumeona familia ambamo ndugu wa marehemu walimfukuza mjane na watoto wake, wakachukua nyumba, sufuria mpaka vikwembe. Hawakuangalia kwamba wale watoto ni kazi ya mikono ya Mungu, na ni damu ya ndugu yao. Kisha wakaanza kugombania nyumba wao kwa wao. Leo hawasalimiani, na hakuna hata mmoja anayelala ndani yake kwa amani. Wamevunja, na hakijajengwa kitu. Ni vizuri wamama wajue kwamba Sheria ya familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawataja watoto, wavulana na wasichana, kama warithi wa kwanza, na inamtambua mjane kati ya warithi. Kumsindikiza mjane kwenye ofisi au kwa mwanasheria ni njia moja ya kuangalia kazi za Mungu.

Ambaye hakuhukumiwa

Turudi kwa yule mama aliyejiuliza kama yeye ndiye aliyevunjwa.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na moto wake ukapita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021, jioni ya siku ya posho, ililipuka tena, ikameza nyumba za watu upande wa kaskazini wa mji, na siku chache baadaye watu wengi wakakimbilia Sake, Bukavu na Rwanda. Mara zote mbili walikuwepo wahubiri waliosema kwamba ni hukumu juu ya dhambi za mtaa fulani. Lakini ule moto wa mwaka 2002 uliharibu kanisa kuu la Katoliki la Goma. Ulipita juu ya altare kama ulivyopita juu ya maduka. Kama moto wa volkano ni hakimu, basi ni hakimu asiyejua kuchagua, na Mungu wa Zaburi hahukumu namna hiyo.

Yesu alilizungumzia swali hili. Katika Luka sura ya 13 anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Je, walikuwa wabaya kuliko wengine wote wa Yerusalemu? Alijibu hapana. Kisha akawageukia waliokuwa wakimsikiliza na kuwaambia watubu wao wenyewe. Alikataa wasome dhambi ya mtu katika msiba wake, na alikataa pia wajione salama.

Zaburi ya 73 inatoa ushuhuda ule ule kutoka upande mwingine. Asafu aliwaona waovu wakiwa na afya, na mwili ulionenepa, bila taabu, na yeye aliyesafisha mikono yake anapigwa kila asubuhi. Karibu ateleze. Mpaka alipoingia mahali patakatifu ndipo alipoelewa mwisho wao. Kwa hiyo anayelala katika hema leo huenda ndiye mwenye haki, na anayelala katika jumba la ghorofa huenda ndiye nyumba iliyoanza kupasuka. Kwa kuangalia mabati hatuwezi kujua.

Kuna watoto wanaoumia kwa sababu sisi tunajifanya mahakimu mahali pa Mungu. Mtoto anakojoa kitandani, au ana kifafa, au mama yake alikufa wakati wa kuzaa, na baba anakosa kazi. Mtu anasema: mtoto huyu ni mchawi, ndiye anayevunja nyumba. Anafungiwa, ananyimwa chakula, anachomwa, anatupwa barabarani. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na inatoa adhabu ya kifungo kwa anayefanya hivyo. Tunapaswa kuijua sheria hiyo na kuitaja kwa sauti. Lakini kabla ya sheria ilikuwepo Zaburi ya 139. Mtoto huyo Mungu alimsuka tumboni, kidogo kidogo, kama mwanamke anavyosuka kikapu. Anayemchoma anachoma kazi ya mikono yake.

Kuna pia watoto waliozaliwa kwa sababu mama zao walitendewa ukatili wakati wa vita. Mtaani wanapewa majina mabaya, majina ya adui. Hapa tupambanue, kama yule mwanafunzi mbele ya kopo. Kitendo kile kilikuwa kazi ya mikono ya waovu, na Mungu atakidai. Mtoto ni kazi ya mikono ya Mungu. Vitu hivyo viwili viko katika mistari miwili tofauti, wa nne na wa tano, na tusivichanganye. Mama anayemnyonyesha mtoto huyo huku analia, hajashindwa. Kikundi chake kina deni kwake: kumwita mtoto kwa jina lake, kumpokea pamoja na wengine, kumwandikisha shuleni kama wengine.

Kujifunza kuangalia

Zaburi ya 107 inasimulia watu waliopotea jangwani, waliofungwa, wagonjwa, mabaharia katika dhoruba, na inamaliza kwa kusema kwamba mwenye hekima ataangalia mambo haya. Basi kuangalia kunaweza kufundishwa. Tunapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji pesa.

La kwanza, jioni kabla ya kulala, kila mtu nyumbani ataje kazi moja ya Mungu aliyoiona siku hiyo. Mtoto asiruhusiwe kusema tu "Mungu ni mwema". Aseme kitu: ndege aliyejenga juu ya mlango wa darasa, mgonjwa aliyeinuka, mwenzake aliyemgawia kalamu. Mwanzoni watacheka na kurudia jambo moja. Baada ya majuma mawili wataanza kutafuta mchana kitu cha kusema usiku, na hapo macho yao yatakuwa yamefunguka.

La pili, tuwasimulie watoto tulivyookolewa. Zaburi ya 78 inawaagiza wazazi wasifiche kazi za Mungu mbele ya watoto wao, ili nao wawaambie watoto watakaozaliwa. Watoto wetu wanajua tulikimbia wapi na nani alikufa. Je, wanajua nani alitufungulia mlango usiku ule? Wanajua ni mama gani, wa kabila lingine, aliyetupa uji? Ile pia ni kazi ya Mungu. Ikifichwa, mtoto anabaki na nusu ya habari, na ile nusu ni ya uchungu peke yake.

La tatu ni kwa mama asiyepata usingizi. Asafu, katika Zaburi ya 77, alikuwa macho usiku, hakuweza hata kusema, na alijiuliza kama Mungu amesahau huruma. Hakupata jibu la haraka. Alianza kuhesabu matendo ya Mungu ya zamani, moja moja. Fanya kama yeye. Hesabu polepole kama unavyohesabu mishono. Huenda uchungu usiondoke usiku huo, lakini utakuwa umeweka kitu kingine pembeni yake.

Mstari wa mwisho

Zaburi ya 28 haiishi kwenye mstari wa tano. Katika mstari wa sita Daudi anamshukuru Mungu kwa sababu amemsikia, na katika ule wa tisa anaomba kwa ajili ya watu wote. Anaomba Mungu awachunge kama mchungaji, na awabebe siku zote. Wamama wanajua kubeba ni nini. Mtoto yuko mgongoni, kikwembe kimefungwa, kichwani kuna mzigo wa makala, barabara inapanda. Mtoto hana nguvu ya kushika. Ni kikwembe kinachomshika. Mama anaweza kuweka mzigo chini apumzike, lakini mtoto anabaki mgongoni.

Mwenye kuvunja kazi za waovu ndiye huyo anayebeba. Kama wewe ni yule uliyejiuliza kama Mungu amekuvunja, soma mpaka mstari wa tisa kabla ya kufunga kitabu. Kama wewe ni yule aliyenong'ona juu ya jirani, rudi kwenye mstari wa pili, inua mikono yako na uangalie kama ni mitupu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Mikono yetu juma hili imefanya kazi gani? Kila mmoja ataje moja aliyojenga.

2. Katika mtaa wetu, ni mtoto gani au mjane gani ambaye watu wamekwisha kumhukumu? Kikundi kitamfanyia nini kabla ya mkutano ujao?

3. Ni habari gani ya wokovu ambayo hatujawahi kuwasimulia watoto wetu? Nani ataisimulia, na siku gani?

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutasoma Zaburi ya 73 yote. Kila mmoja aisome nyumbani kwanza, na aje na mstari mmoja uliomsumbua.